Mchumba wangu ananifananisha na bibi yake Mfaransa. Maisha ya bibi huyo yalikuwaje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 27, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli hapa Moshi mjini, kwetu ni Machame. Nimechumbiwa na Mmarekani aliyekuja kujitolea hospitalini. Posa imeshaletwa, wazee wamekunywa mbege, na mpango ni nimfuate kwao Indiana mwakani. Kila nikianza kuingiwa na woga huwa ananiambia, "Usijali, hata bibi yangu alifanya hivyohivyo." Bibi huyo, mzaa mama yake, alikuwa Mfaransa wa Le Havre. Aliolewa na mwanajeshi wa Kimarekani mwaka 1945, mwaka uliofuata akapanda meli, akaishi shambani Indiana na kulea watoto sita. Alishafariki. Mchumba wangu ana picha yake kwenye simu, mama mwembamba amebeba mtoto, nyuma yake mahindi mpaka mwisho wa macho. Lakini mchumba wangu hajui Kifaransa hata neno moja, na mama yake anasema anakumbuka nyimbo mbili tu za watoto. Hilo limenikaa rohoni. Wewe umefundisha historia. Naomba uniambie maisha ya wanawake wale yalikuwaje kweli, na kama kweli mimi nafanana naye.
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa posa.

Bibi huyo simjui na sitajifanya namjua. Ila mji wake naujua na mwaka wake naujua, na yaliyowapata wanawake wa mji ule wakati ule yameandikwa. Mchumba wako, kama nilivyokuelewa, anaianzia hadithi melini. Mimi nitarudi nyuma kidogo, kwa sababu hutajua alipanda meli na moyo wa namna gani kama hujui nchi kavu aliacha nini.

Le Havre ni bandari ya kaskazini mwa Ufaransa, inatazamana na Uingereza. Wajerumani waliingia Juni 1940 wakakaa miaka minne na zaidi. Miaka hiyo msichana wa kule alikula kwa kadi ya mgao: mkate wa kupimwa kwa gramu, kahawa ya shayiri iliyokaangwa, na mizizi ya kulishia ng'ombe ambayo Wafaransa wengi wa rika lile hawakutaka kuiona tena mezani baada ya vita. Halafu tarehe 5 Septemba 1944 ndege za Waingereza zikaanza kuupiga mji ule mabomu ili kuwang'oa Wajerumani. Katikati ya mji pakateketea. Raia wapatao 2,000 walikufa, na watu kama 80,000 wakabaki hawana pa kulala. Tarehe 12 mji ukakombolewa. Nataka ulitazame jambo hilo kwa makini: waliokuja kumwokoa walikuwa upande uleule wa waliomvunjia nyumba. Paris ilikombolewa kwa maua na vigelegele tarehe 25 Agosti. Le Havre watu walitoka mahandakini wakaanza kufukua ndugu zao.

Baada ya hapo Wamarekani wakaifanya bandari ile lango lao. Wanajeshi wasio na idadi walipita pale, wakienda vitani na baadaye wakirudi kwao, wakilala kwenye makambi ya mahema yaliyopewa majina ya sigara: Lucky Strike, Philip Morris, Old Gold, Pall Mall. Askari wa cheo cha chini kabisa alikuwa na sabuni mfukoni, na chokoleti, na kahawa ya kweli. Wenyeji walikaa kwenye mabanda, na mgao wa chakula haukwisha hadi 1949.

Wapo wanaosema wasichana wale walifuata chokoleti. Nimeyasikia hayo hata darasani kwangu na sikuyanyamazia hata mara moja. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na sita vita ilipoingia, na ishirini ilipotoka, hakuwa amewahi kwenda dansi bila kuangalia saa ya amri ya kutotoka nje. Akitokea kijana anayecheka, mwenye afya, anayemheshimu mama yake, ampende asimpende? Na ujue kulikuwa na macho ya watu. Wanawake wapatao 20,000 nchini Ufaransa walinyolewa vichwa hadharani kwa kutuhumiwa kutembea na Wajerumani. Baada ya hapo msichana yeyote aliyeonekana na mwanajeshi wa kigeni, hata wa jeshi rafiki, alisemwa sokoni na kanisani. Bibi wa mchumba wako alipokubali kuolewa aliyajua hayo. Alihitaji ujasiri kabla ya kuiona bahari.

Kisha zikaja karatasi. Mwanajeshi hakuwa huru kuoa kama raia, ilibidi kamanda wake atoe ruhusa kwa maandishi, na mara nyingi wachumba walisubirishwa miezi kwa matumaini kwamba mmoja atabadili mawazo. Kwa sheria ya Ufaransa ndoa hufungwa kwanza mbele ya meya, kanisani ni baadaye. Na hata wakishaoana, mke hakuwa na haki ya kupanda meli kesho yake. Marekani wakati huo ilipokea wahamiaji kwa mgawo wa kila nchi. Tarehe 28 Desemba 1945 ndipo ilipopitishwa sheria ya kuwaruhusu wake na watoto wa wanajeshi waingie nje ya mgawo huo. Meli ya kwanza chini ya mpango huo, Argentina, iliondoka Southampton tarehe 26 Januari 1946 na kufika New York tarehe 4 Februari, ikiwa na wake 452, wengi wao Waingereza. Wafaransa walifuata wakipitia Le Havre. Kabla ya kupanda waliwekwa kambini, ndani ya makambi yaleyale ya majina ya sigara, wakapangwa foleni, wakapimwa, wakakaguliwa vyeti. Jumla ya wanawake wa nchi zote waliofuata waume zao Marekani kwa njia hiyo ilizidi 100,000, Wafaransa wakiwa elfu kadhaa tu. Safari ilikuwa ya kutapika, na watoto wachanga waliugua sana, wapo waliofia njiani au muda mfupi baada ya kushuka.

Kuna kipande kinachokuhusu moja kwa moja. Juni 1946 Wamarekani walipitisha sheria nyingine ya wachumba wa wanajeshi: mchumba aliruhusiwa kuingia kwa miezi mitatu, ndoa isipofungwa anarudishwa. Viza ya mchumba utakayosikia ikitajwa leo, waliyoianzisha mwaka 1970, ina siku 90. Miezi mitatu ileile. Kwa hiyo hapo kwenye karatasi unafanana na rika la bibi huyo kuliko unavyodhani, na nakuomba usikubali kuingia ndani ya siku hizo 90 bila kuwa mmeshakubaliana mambo makubwa mkiwa bado hapa, mnaonana uso kwa uso, na mama yako yupo.

Sasa lile ambalo mchumba wako pengine hajalifikiria anaposema "hivyohivyo". Nalisema kwa upole, maana naamini anakupenda. Katika jimbo la Indiana, ndoa ya mweupe na mweusi ilikuwa kosa la jinai hadi mwaka 1965. Majimbo mengine, hasa ya kusini, yaliendelea nayo hadi Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilipozifuta sheria hizo tarehe 12 Juni 1967, kwenye kesi ya Loving dhidi ya jimbo la Virginia. Jeshi lenyewe lililoikomboa Ufaransa lilitenga askari weusi na weupe, na Rais Truman hakuamuru utengano huo ukome hadi Julai 1948. Askari mweusi aliyekwenda kwa kamanda kuomba ruhusa ya kumwoa Mfaransa mara nyingi aliambiwa hapana, na msichana akabaki na mtoto. Wapo watoto waliokulia Ufaransa bila kumjua baba kwa sababu ya sahihi moja iliyokataliwa.

Kwa hiyo, mwanangu, bibi yake alishuka pale akiwa mgeni mwenye lafudhi. Wewe, mwaka ule, shamba lile, ungekuwa mhalifu kwa kuolewa tu, na mumeo pia. Simaanishi Indiana ya leo ni ile. Namaanisha kwamba mlango alioingilia bibi huyo ulikuwa umefungwa kwa watu wa rangi yako, ukaja kufunguliwa na watu waliokwenda mahakamani na wengine kulala jela, na mumeo mtarajiwa anapaswa kulijua hilo ili siku mtu akikutazama vibaya dukani asikuambie unajitungia. Mwambie. Namna atakavyolipokea itakufundisha mengi juu yake.

Tuje shambani. Wasichana wengi wa Ulaya waliijua Marekani kwa sinema: majengo marefu, bafu la maji moto, gari kila nyumba. Waliopelekwa mashambani walikuta maji ya pampu uani, choo cha nje, na jirani wa karibu haonekani. Wakaletewa mahindi ya kuchemsha mezani. Kwa Mfaransa wa siku zile mahindi yalikuwa chakula cha kuku na nguruwe, na wengi wao walisimulia baadaye walivyodhani wanadharauliwa. Sisi tunaokula gobo pale stendi bila kufikiri hatuwezi kuona ugumu wake, lakini jaribu kujiweka pale: ni siku yako ya kwanza ukweni, huelewi lugha, na unapewa unachojua ni cha mifugo, huku watu wote wanakutazama kama utakula.

Dini nayo. Wafaransa wengi walikuwa Wakatoliki, na vijiji vingi vya Indiana vilikuwa vya Waprotestanti. Hapo sina haja ya kukueleza sana. Wewe ni wa Machame, unajua Mlutheri wa kwenu akitaka kuoa Kibosho kwa Wakatoliki vikao vinakuwa vingapi, mtoto atabatizwa wapi, na bibi yupi atanuna. Sasa fikiri hakuna kikao hata kimoja, kwa sababu upande wako wote uko ng'ambo ya bahari na hakuna wa kukusemea.

Linaloniuma zaidi ni uzazi. Sisi mwanamke akijifungua anakaa ndani, analetewa mtori, analetewa mlaso, mama yake au mama mkwe anamkanda, hashiki jembe hadi mwili urudi. Yule mama alizaa mara sita bila mama yake mzazi hata mara moja. Huenda mama mkwe alikuwa mtu mwema, wapo waliokuwa wema sana. Lakini uchungu wa uzazi unaulilia kwa lugha yako, na yeye hakuwa na wa kumwelewa.

Hapo ndipo tunafika kwenye zile nyimbo mbili zilizokukaa rohoni.

Ukipanda basi la Arusha ukashuka Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Walifika kuanzia 1942, wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wamepitia Siberia na Uajemi, wakakaa kambini pale miaka karibu kumi. Watoto wao walisoma kwa Kipolandi, waliimba kanisani kwa Kipolandi, wakatoka pale wanakisema. Walikuwa wakimbizi, hawakuwa na nchi, lugha haikupotea kwa sababu walikuwa pamoja. Bibi Mfaransa alikuwa na nchi, mume, shamba na watoto sita, ila Kifaransa hakuwa na wa kuzungumza naye. Mume hakijui. Mama mkwe anadhani anasengenywa. Mtoto akienda shule anachekwa, akirudi anasema mama ongea kama mama za wenzangu. Mwanamke aliyechoka, mwenye vyombo vya watu wanane vya kuosha, anaacha. Anabakiza nyimbo za kulazia mtoto kwa sababu saa ile hakuna mtu mzima anayesikiliza.

Simlaumu hata kidogo. Lakini wewe unayo nafasi ya kufanya vingine, na hapa naomba univumilie nikiwa mkali. Hapa hapa Moshi mjini kuna watoto wanaoshindwa kumjibu bibi yao wa Kibosho kwa sababu wazazi waliona Kichagga ni ushamba, na hao hawajavuka hata mto. Usiseme "watajifunza wakienda likizo". Kubaliana na mchumba wako kabla ya ndoa kwamba wewe utazungumza na watoto Kiswahili tangu siku ya kwanza, na Kimachame ukiweza, na kwamba yeye mwenyewe atajifunza kiasi cha kukuelewa mezani. Baba asipoielewa lugha ya mama, nyumba nzima itahamia lugha ya baba, na hakuna atakayekuwa amekusudia.

Kuna suala la kurudi nyumbani. Waya wa kwanza wa simu chini ya bahari ya Atlantiki ulifunguliwa Septemba 1956, kwa hiyo miaka kumi ya kwanza bibi huyo aliishi kwa barua. Ndege za jeti kati ya New York na Paris zilianza Oktoba 1958. Ukiwa na watoto sita na deni la trekta, nauli hiyo huipati. Muulize mama mkwe wako mtarajiwa mama yake alirudi Le Havre mwaka gani kwa mara ya kwanza, na kama wazazi aliwakuta hai. Mji wenyewe alioukumbuka haukuwepo, ulijengwa upya kwa zege chini ya msanifu Auguste Perret. Nina dada mkubwa aliyeolewa Sweden mwaka 1974. Mama alipofariki tulimpelekea telegramu, akafika mazishi yamekwisha, akakaa pale kaburini kihambani, kwenye shamba la ukoo, mpaka giza likaingia na hatukujua la kumwambia. Sisi watu wa mlimani kila Desemba barabara ya kutoka Dar inajaa kwa sababu yetu, hata asiye na kitu anakopa nauli. Yule mama hakuwa na Desemba. Wewe unaweza kuwa nayo, ila lazima iwekwe kwenye mpango kama kodi ya nyumba inavyowekwa: nauli ya kurudi, kwenye akaunti yenye jina lako, ambayo haiguswi gari likiharibika.

Na uraia usiuchukulie kwa haraka. Sheria ya Ufaransa tangu 1927 ilimruhusu mwanamke wao abaki Mfaransa hata akiolewa na mgeni, isipokuwa akatae mwenyewe. Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiapa kule, hapa unapoteza, na kihamba cha baba kinakuwa na maswali. Muone mwanasheria kabla ya kuweka sahihi popote. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kama bado ni kile kilichochakaa, anza kukishughulikia wiki hii, na pasipoti yako ikae kwako, si kwenye begi la mtu.

Umeniuliza kama unafanana naye. Mnafanana katika ujasiri, na katika siku tisini unafanana na wachumba wa rika lake, maana yeye alikwenda akiwa ameshaolewa. Mnatofautiana kwa rangi, kwa simu iliyo mkononi mwako, na kwa kwamba wewe umeuliza mapema. Yeye hakuwa na wa kumuuliza, aliyetangulia kwa njia ile alikuwa bado hajarudi kusimulia.

Mama mkwe wako mtarajiwa yuko hai na ni binti wa mwanamke yule. Mpigie mwenyewe, bila mchumba wako kukaa katikati. Mwombe akuimbie zile nyimbo mbili. Kisha muulize mama yake alikuwa analia wakati gani, nani alikuwa rafiki yake, na kama alikuwa na fedha yake mwenyewe. Mama mwenye busara atafurahi kuulizwa, pengine hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na huyo kijana mlete kwangu Rau kabla hamjaenda popote, Jumamosi mchana ni nzuri. Waambie wazee wako nimewasalimu.